Uzi: Kunakili batli za meli za wavua nyangumi, na kwa nini ukurasa usio na tukio nao uandikwe wote

MwanaBatli (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, heri kwenu nyote.

Mabaharia wa pwani yetu wana neno batli, nalo ni daftari ambamo nahodha au msaidizi wake huandika mwendo wa chombo: upepo umevuma kutoka wapi, chombo kimeelekea wapi, nini kimeonekana na nini kimetokea. Nitalitumia neno hilo katika uzi huu wote, kwa sababu kila aliyewahi kuniuliza ninafanya nini usiku mbele ya kompyuta alinielewa mara nilipolitaja. Ninanakili batli. Si za majahazi yetu, bali za meli za Wamarekani waliovua nyangumi katika karne ya 19, zilizotoka New Bedford, Nantucket, Sag Harbor na bandari nyingine za pwani ya mashariki ya Marekani, zikakaa baharini miaka mitatu au minne, kisha zikarudi na mapipa ya mafuta pamoja na daftari lililojaa mwandiko wa mkono.

Madaftari hayo hayakutupwa yote. Jumba la makumbusho la New Bedford Whaling Museum peke yake linahifadhi zaidi ya 2,000, na mengine yamo katika makumbusho ya Mystic Seaport na ya Nantucket, na katika maktaba ya umma ya Providence. Mengi yamekwisha kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa kwenye intaneti, ambako yeyote anaweza kuyasoma bila malipo. Lakini picha ya ukurasa haihesabiki. Mtu wa hali ya hewa hawezi kuiambia kompyuta imtafutie siku zote ambazo upepo wa kusini ulivuma kwa nguvu katika Bahari ya Bering, mpaka mtu mwingine akae, ausome mwandiko ule na kuuandika upya kwa herufi za chapa. Hiyo ndiyo kazi ya wanaojitolea.

Mradi ulionifungulia mlango huu ni Old Weather, ulioanza Oktoba 2010 katika Zooniverse, jukwaa la intaneti ambako wanaojitolea huwasaidia watafiti. Mwanzoni wanaojitolea walinakili batli za meli za kivita za Uingereza za wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nao waliandika upya zaidi ya milioni moja na nusu ya vipimo vya hali ya hewa. Baadaye zikaja meli za serikali ya Marekani zilizokwenda Aktiki, na mwishoni mwa 2015 ikafuata sehemu ya meli za wavua nyangumi. Mimi niliingia nikidhani kwamba kazi yenyewe ni moja. Haikuwa moja hata kidogo, na nitaeleza kwa nini.

Batli ya meli ya kivita imepangwa kwa safu: saa, upepo, barometa, joto la hewa, joto la bahari. Unanakili tarakimu tu. Batli ya mvua nyangumi ni masimulizi mafupi. Kwa kawaida mwandishi wake alikuwa afisa wa kwanza wa meli, mtu aliyejua bahari vizuri kuliko alivyojua imla, naye aliyaandika maneno kama alivyoyasikia masikioni. Siku moja huchukua mistari mitano au sita, na imegawanywa katika sehemu tatu, ya kwanza, ya kati na ya mwisho, kila moja ikiwa na upepo wake na kazi zake. Chini huandikwa latitudo na longitudo, ikiwa jua lilionekana, na mara nyingi siku hufungwa kwa maneno yanayosema kwamba hivyo ndivyo zilivyokwisha saa hizi 24.

Sasa niwaeleze kosa langu kubwa, ili lisiwapate. Siku ya baharini katika batli hizi haianzi usiku wa manane. Huanza adhuhuri na kwisha adhuhuri inayofuata, na jina lake ni la siku inayomalizikia. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya Jumatatu tarehe 5 ni alasiri ya Jumapili tarehe 4 kwa hesabu ya nchi kavu. Mimi sikulijua hilo. Nilipoona kwamba meli iliondoka bandarini "Jumatatu alasiri" na mahali pengine nikasoma kwamba iliondoka Jumapili, nilidhani mwandishi amekosea, nikaanza kumsahihisha. Nilisahihisha tarehe za kurasa kumi na moja kabla ya mwenzangu mmoja mzoefu kuniandikia kwa upole kwamba mwandishi alikuwa sahihi tangu mwanzo. Nilirudi nikazifanya upya zote. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi ni Mswahili, nimelelewa na bibi aliyehesabu siku kuanzia magharibi, ambaye kwake usiku wa Ijumaa ulikuwa ule unaotangulia Ijumaa yenyewe. Ni nani aliyepaswa kuelewa haraka kuliko mimi kwamba siku inaweza kuanzia penginepo?

Tangu siku hiyo nina kanuni moja, nayo ndiyo sababu ya kuufungua uzi huu: andika kilichoandikwa. Mwandishi akikosea jina la kisiwa, liandike kosa lake. Akiandika upepo kwa tahajia ya ajabu, iache tahajia yake. Na akiandika kwamba leo hakuona kitu, andika kwamba hakuona kitu, wala usiuruke ukurasa huo ukiutafuta wenye nyangumi.

Ninajua kwamba ukurasa wenye nyangumi huvutia macho. Waandishi wengi walichonga mihuri ya mbao au ya mfupa yenye umbo la nyangumi, wakaipiga pembezoni mwa ukurasa kila walipopata mnyama. Katikati ya umbo hilo mara nyingi huachwa nafasi nyeupe, na ndani yake huandikwa idadi ya mapipa ya mafuta aliyoyatoa. Nyangumi aliyechomwa chusa kisha akaponyoka hupewa muhuri mwingine, mara nyingi wa mkia tu ukizama. Mara ya kwanza kuuona muhuri uliopigwa miaka 170 iliyopita, wino wake ukiwa bado mweusi, nilikaa kimya kwa muda mrefu. Lakini nyuma ya kila muhuri kuna wiki nzima, pengine miezi, ya mistari isiyosema lolote isipokuwa upepo, tanga, ukarabati wa mashua na mtu aliye juu ya mlingoti akitazama bahari tupu. Bila siku hizo tupu hatuwezi kujua kama nyangumi walikuwa wengi au wachache mahali fulani, kwa maana hesabu ya walioonekana haina uzito mpaka ujue watu walitazama kwa siku ngapi.

Nitaendelea kesho kuhusu barafu. Wenye maswali karibuni.

Kaskazi

Ndugu MwanaBatli, nashukuru kwa uzi huu. Nimefanya kazi katika kituo cha hali ya hewa kwa muda mrefu, nami nina shaka moja ambayo naomba isichukuliwe kuwa ni dharau. Unasema batli hizi ni masimulizi. Kama mwandishi hakuwa na barometa, wala kipimajoto, wala kipimaupepo, tunapata nini kwake cha kisayansi? Mtu mmoja akisema upepo ni mkali, mwingine katika meli kubwa zaidi atauita wa wastani.

MwanaBatli

Ndugu Kaskazi, shaka yako ni ya haki, nami nililiuliza swali hilo hilo.

Jibu la kwanza ni kwamba maneno ya mabaharia kuhusu upepo hayakuwa ya kubahatisha. Walikuwa na ngazi ya maneno iliyojulikana na kila aliyekulia melini, kuanzia shwari hadi tufani, na kila neno lilifungamana na matanga ambayo meli inaweza kuyabeba wakati huo. Mwandishi anapoeleza kwamba wamekunja tanga fulani na kupunguza jingine, amekwisha kukupa kipimo, kwa sababu hakuna nahodha anayekunja matanga bila sababu ilhali tajiri wake anangoja mafuta. Ndiyo maana maneno hayo yanaweza kugeuzwa kuwa tarakimu za kipimo cha Beaufort, cha kuanzia 0 hadi 12. Watafiti wa Woods Hole Oceanographic Institution, kwa kushirikiana na University of Massachusetts Dartmouth, wanazitumia batli za wavua nyangumi kwa njia hiyo kuchunguza pepo za bahari, ikiwemo Bahari ya Hindi.

Jibu la pili ni la mahali. Meli za biashara hufuata njia moja: zinatoka hapa, zinakwenda pale, na kila mwaka zinapita katika mistari ile ile ya ramani. Mvua nyangumi hakuwa na njia. Alimfuata mnyama, akazunguka wiki nzima katika eneo ambalo hakuna meli nyingine yenye sababu ya kufika. Ukitaka kujua upepo wa 1850 katikati ya bahari ambamo hakukuwa na kisiwa, kituo wala njia ya biashara, shahidi wako mara nyingi ni huyu tu.

Na jibu la tatu ni barafu, ambayo niliahidi.

Mwaka 1848 nahodha Thomas Welcome Roys wa Sag Harbor aliivusha meli yake, Superior, katika mlangobahari wa Bering, kati ya Urusi na Alaska, akakuta nyangumi wakubwa wa Aktiki mahali ambapo hakuna meli ya kibiashara iliyokuwa imewahi kuwavua. Habari zilipofika, meli kwa makumi zilimfuata, na kwa zaidi ya nusu karne hazikuacha kwenda. Kila kiangazi zilisogea kaskazini kadiri barafu ilivyozirudisha au kuziruhusu, na kila siku mwandishi aliandika kama barafu inaonekana au haionekani, iko upande gani, imeshikana au imetawanyika. Kwake hilo lilikuwa suala la uhai. Kwetu ni kumbukumbu ya ukingo wa barafu miaka 130 kabla ya satelaiti kuanza kuupima. Utafiti uliochapishwa 2011 ulitumia zaidi ya siku 52,000 za maandishi hayo, za kati ya 1849 na 1914, kulinganisha barafu ya wakati ule katika bahari za Bering na Chukchi na ya zama zetu. Zingatia kwamba katika hesabu hiyo siku iliyoandikwa "hakuna barafu" ina thamani sawa na siku ambayo meli ilikwama.

Siwezi kuzungumzia barafu bila kuutaja 1871. Mwezi Agosti wa mwaka huo meli nyingi zilikuwa zimejipanga katika ukanda mwembamba wa maji kati ya pwani ya Alaska na barafu, zikingoja upepo wa kutoka nchi kavu uisukume barafu mbali na pwani kama ilivyozoeleka. Upepo ukageuka na kuvuma kutoka baharini. Barafu ikaja, ikaziba, ikaanza kuzivunja mbavu meli moja baada ya nyingine. Tarehe 12 Septemba manahodha walikutana, wakatia saini waraka kwamba hakuna njia nyingine, na siku mbili baadaye wakaziacha meli 33 na kushuka kwenye mashua pamoja na wake na watoto wa baadhi ya manahodha. Watu wote walikuwa 1,219. Walipita kando ya barafu mpaka wakazifikia meli saba zilizokuwa zimesalia kwenye maji yaliyo wazi, nazo zikatupa shehena na hata zana zao za uvuvi ili zipate nafasi ya kuwabeba. Hakufa hata mmoja. Ninapoinakili batli ya msimu wowote wa Aktiki na kukuta mwandishi amerudia kwa siku ya tisa maneno yale yale kuhusu upande wa upepo na umbali wa barafu, nakumbuka kwamba hao 1,219 walisalimika kwa sababu manahodha walijua kuusoma mstari wa namna hiyo.

Bibi Maktaba

Mwanangu MwanaBatli, umenifurahisha. Nimestaafu baada ya miaka mingi katika hifadhi ya nyaraka, na ninaomba kuongeza jambo ambalo litaipa nguvu kanuni yako.

Ninyi si wa kwanza kuzisoma batli hizi. Katika miaka ya 1840 afisa wa jeshi la majini la Marekani, Matthew Fontaine Maury, alizikusanya batli za meli za kila aina, akawaweka watu kuzichambua, akachapisha ramani za pepo na mikondo ya bahari, na mwaka 1851 akatoa ramani ya nyangumi. Ilikuwa kazi kubwa, na manahodha waliomletea batli zao walipewa ramani zake bila malipo. Kisha mwaka 1935 Charles Haskins Townsend wa New York akachapisha ramani zake mashuhuri zilizotokana na batli za safari 1,665, ambamo kila nyangumi aliyevuliwa amewekewa nukta mahali na mwezi alipovuliwa. Nukta hizo zinakaribia 54,000. Hadi leo wanabaiolojia wanaziangalia.

Lakini tazameni kila mmoja alichochukua. Townsend alitaka nyangumi, akachukua mahali na tarehe za nyangumi, akaiacha hali ya hewa. Maury alitaka kuwafupishia mabaharia safari, akachukua pepo na mikondo na pale walipoonekana nyangumi, na hakuwa na haja ya kujua mpishi aliugua nini. Hakuna aliyekosea, kila mmoja alijibu swali la wakati wake. Ila barafu ilipokuwa swali la wakati wetu, ilibidi watu warudi kwenye kurasa zile zile na kuanza upya, kwa sababu waliotangulia walichuma matunda wakaacha mti. Katika hifadhi tulikuwa tunawaambia vijana: usinakili unachokihitaji wewe, kwani hujui atakachokihitaji ajaye. Ndiyo maana nakuunga mkono kwamba ukurasa uandikwe wote.

Swali langu ni hili: je, katika mradi huo mnanakili pia majina ya mabaharia, magonjwa na ugomvi, au ni hewa na barafu tu?

MwanaBatli

Shikamoo bibi. Umelisema vizuri kuliko nilivyoweza.

Jibu la kweli ni kwamba katika mradi wa wavua nyangumi kilichotafutwa kwanza kilikuwa tarehe, mahali, hali ya hewa, barafu na wanyama. Lakini wengi wetu hatukuweza kuyapita mengine bila kuyaandika, hivyo tuliyaweka katika maelezo ya ziada. Na watu waliomo humo wanastahili. Meli hizi zilikuwa na mchanganyiko wa watu usiopatikana katika kazi nyingi za zama zile: Wamarekani weusi waliozaliwa huru na wengine waliokimbia utumwa, wenyeji asilia wa Massachusetts, watu wa visiwa vya Azori na Cape Verde, watu wa visiwa vya Pasifiki. Huko New Bedford mhunzi mweusi, Lewis Temple, ndiye aliyetengeneza mwaka 1848 chusa chenye kichwa kinachogeuka ndani ya mnyama kisitoke, nacho kikabadili uvuvi wote. Hakukipatia hataza, na wengine wakatajirika kwacho.

Katika batli, watu hao wengi hawana sauti yao wenyewe, kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwa afisa. Tunawaona pale tu mmoja anapougua, anapotoroka kisiwani au anapozikwa baharini, na mara nyingine jina lake limeandikwa kwa namna tatu katika kurasa tatu. Hapo ndipo ninapokuwa mkali kuhusu kanuni yangu. Ukiichagua tahajia moja na kuzifuta mbili, pengine umeifuta ile ambayo mjukuu wake anaitafuta.

MvuviKizimkazi

Kaka, mimi ni mtu wa bahari, na maneno yako kuhusu upepo nimeyaelewa kuliko wengi humu. Nina mambo mawili. La kwanza, hao Wamarekani walifika kwetu? Wazee walikuwa wanasimulia meli za Wazungu zilizokuwa zikichemsha mafuta juu ya maji. La pili, na hili linanisumbua: sisi hapa kila mwaka kuanzia Julai mpaka Septemba au Oktoba tunawaona nyangumi wenye nundu wakipita na watoto wao. Naona tabu kumsifu mtu kwa mwandiko wake hali daftari lenyewe ni orodha ya wanyama aliowaua.

MwanaBatli

Ndugu yangu, nianze na la kwanza. Walifika. Marekani na Sayyid Said walitia saini mkataba wa biashara mwaka 1833, na tangu 1837 kulikuwa na konsuli wa Marekani Unguja. Meli za bandari ya Salem, Massachusetts, ndizo zilizoleta kitambaa ambacho hadi leo tunakiita marekani, na meli za wavua nyangumi nazo zilitia nanga huko, na vilevile Ushelisheli na visiwa vya Komoro, kutafuta maji, kuni na vyakula. Mwandishi mmoja wa Kimarekani, J. Ross Browne, aliyesafiri kama baharia wa kawaida katika meli ya namna hiyo miaka ya 1840, aliachana nayo Unguja, akakaa huko mpaka akapata njia ya kurudi kwao. Na wazee wenu walisimulia ukweli kuhusu moto: meli hizi zilijengewa tanuri la matofali juu ya sitaha, lenye masufuria makubwa ya chuma, na mafuta yaliyeyushwa humo humo baharini, usiku na mchana, moshi wake ukionekana kutoka mbali. Ninaponakili batli iliyopita katika maji yetu na kukuta pepo ambazo sisi tunaziita kusi na kaskazi zikielezwa na mtu asiyezijua kwa majina, ninajua ni mwezi gani kabla sijaitazama tarehe. Huo ni ujuzi ambao mzungu aliyeketi Boston hana, ndugu yangu, na ni sababu mojawapo ya kutamani tuwe wengi katika kazi hii.

La pili ni zito, wala sitalikwepa. Ni kweli, daftari hizi ni hesabu ya mauaji. Inakadiriwa kwamba nyangumi wa Aktiki wapatao 18,650 waliuawa upande wa magharibi wa Aktiki katika muda wa miaka isiyozidi 70, na makadirio hayo yenyewe yametokana na batli. Mafuta yao yaliwasha taa, na mabamba ya vinywani mwao yaliingia katika nguo za kubana viuno vya wanawake wa Ulaya na Marekani. Simsifu mtu kwa hilo. Ila bila hesabu hii tusingejua walikuwa wangapi kabla ya chusa, na asiyejua walikuwa wangapi hawezi kujua kama wamerudi.

Na kuna jambo moja ambalo silisahau. Mwaka 2007 wawindaji wa Kiinupiat wa Alaska, ambao uwindaji huu ni haki yao ya jadi na una kiwango maalumu, walimkuta nyangumi mwenye kipande cha silaha ya kulipuka kilichozama katika mfupa wake. Silaha hiyo ilikuwa imetengenezwa New Bedford katika miaka ya 1880 au karibu na hapo. Mnyama yule alipigwa, akaponyoka, akaishi zaidi ya miaka mia moja. Mahali fulani katika batli fulani huenda upo muhuri wa mkia unaozama ambao ni wake. Kila ninapoukuta muhuri kama huo, ninaunakili kwa uangalifu wa pekee.

Dira

Wakuu, naomba kuuliza kwa nia njema. Siku hizi kuna programu zinazosoma mwandiko wa mkono. Kuna haja gani ya watu kupoteza usiku kwa kazi ambayo mashine itaimaliza kwa siku chache?

Bibi Maktaba

Mwanangu Dira, mashine hujifunza kutokana na kurasa ambazo watu wamekwisha kuzinakili kwa usahihi. Bila hizo haina mwalimu. Na hata ikijifunza, ukurasa ulioloa maji ya chumvi, wenye wino uliopenya kutoka upande wa pili, ulioandikwa na mtu huku meli ikiyumba, bado unahitaji jicho.

MwanaBatli

Naongeza kidogo tu. Hatari ya mashine ninayoiona mimi ni ile ile niliyoanguka nayo katika tarehe, yaani kupenda kusahihisha. Programu ikikutana na neno lisilosomeka hulijaza kwa neno linalofaa, na neno linalofaa husomeka vizuri hata pale lisipokuwamo. Mtu akishindwa kusoma anaweza kuandika kwamba ameshindwa. Katika Old Weather ukurasa wa meli za kivita ulisomwa na watu zaidi ya mmoja, kila mmoja peke yake, kisha majibu yakalinganishwa. Pale walipotofautiana ndipo ilipojulikana kwamba wino una tatizo. Mimi ningependa mashine iwe msomaji mmojawapo kati ya hao, wala isiwe peke yake.

Mwanafunzi wa Pili

Shikamooni nyote. Nimeusoma uzi huu jana usiku na leo nimefungua batli moja iliyopigwa picha, kutaka kujaribu. Nimekwama katika mstari wa latitudo. Tarakimu ya kwanza inaweza kuwa 1 au 7. Siku iliyotangulia wanasema walikuwa nyuzi 70 na dakika chache kaskazini. Niandike 7 kwa sababu ndiyo yenye mantiki?

MwanaBatli

Marahaba. Karibu sana.

Usianze na mantiki, anza na mkono wa mwandishi. Rudi kurasa kumi nyuma, utafute 1 ambayo huna shaka nayo na 7 ambayo huna shaka nayo, kwa mfano katika tarehe, kwa kuwa tarehe hujulikana. Tazama anavyoanza na anavyomaliza kila moja. Waandishi wengi huweka kijikia juu ya 1, na ndicho kinachochanganya. Baada ya hapo linganisha na mahali walipokuwa jana na kesho yake, ukikumbuka kwamba meli ya matanga haiwezi kuruka nyuzi 60 kwa siku moja. Ukipata uhakika, andika. Usipoupata, andika tarakimu unayoiona na uweke alama ya kuuliza kando yake, ili ajaye ajue kwamba ulisita.

Mwanafunzi wa Pili

Nimefanya hivyo. Saba zake zote zina mstari wa juu ulionyooka, na hii ina kijikia kilichopinda. Nimeiandika 1 na alama ya kuuliza, ingawa akili inaniambia ni 7. Kisha nikafungua ukurasa unaofuata, na mwandishi mwenyewe ameandika pembeni, kwa herufi ndogo, kwamba latitudo ya jana aliikosea, akaitoa iliyo sahihi: inaanza na 7.

MwanaBatli

Basi nakili vyote viwili, kosa la jana na sahihisho la leo, kila kimoja katika ukurasa wake.